Mpira Nao Uwe na Daftari

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia dukani na katika vyama vya ushirika, mahali ambapo kahawa hupimwa, huandikwa, kisha hulipwa. Leo tunaileta uwanjani. Tunaileta kwa sababu ya mchezo mmoja ulioingia katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, mchezo usiohitaji nyasi wala viatu, ambao wazee wengi wanautazama kwa jicho la shaka. Vijana wanauita fantasi. Kwa maneno mengine, ni kazi ya kuongoza timu ya kubuni kwa msimu mzima.

Nshambya, kama katika mitaa mingine ya mji wa Bukoba, si ajabu kuwakuta vijana wanne au watano wameinamia simu zao, wakibishana kama beki fulani wa London atacheza kesho au atapumzishwa. Mpita njia hudhani kwamba wanacheza kamari, au kwamba wamekosa kazi ya kufanya. Sisi tumeuchunguza mchezo huu kabla ya kuusema, na tumeona kwamba una mema yake, una hatari yake, na zaidi ya yote unatufunulia upungufu wetu wenyewe ambao viongozi wa michezo na wananchi, wa bara na wa visiwani, wanapaswa kuutazama bila kuona haya.

Kwanza tuueleze kwa wasioujua. Unaochezwa zaidi hapa kwetu ni ule wa Ligi Kuu ya Uingereza, ulioanza katika msimu wa 2002/03, na ambao katika misimu ya karibuni umekuwa na washiriki zaidi ya milioni 10 duniani. Kujiandikisha ni bure. Kila mshiriki hupewa fedha za kubuni, pauni milioni 100, si zaidi wala si pungufu, awe ni bwana wa Manchester au mvuvi wa Goziba. Kwa fedha hizo hununua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja. Kila juma hupanga 11 wa kuanza, huacha 4 benchi, na humteua nahodha ambaye alama zake huhesabiwa mara mbili.

Alama hazitokani na bahati nasibu, bali na yale ambayo mchezaji wa kweli ameyatenda katika mchezo wa kweli. Mshambuliaji akifunga bao huleta alama 4, kiungo 5, beki 6. Atoaye pasi ya bao huleta 3. Beki ambaye timu yake haikufungwa huleta 4, mradi amecheza dakika 60 au zaidi. Kadi ya njano huondoa alama 1, nyekundu huondoa 3. Mwenye timu anaruhusiwa kubadili mchezaji mmoja kila juma bila adhabu, na asipoitumia nafasi hiyo anaweza kuiweka akiba. Akitaka kubadili zaidi ya haki yake, kila badiliko la ziada humgharimu alama 4. Na mlango hufungwa saa moja na nusu kabla ya mchezo wa kwanza wa juma. Kwa Jumamosi nyingi hiyo ni saa saba mchana kwa saa zetu, au saa nane wakati Waingereza wanapokuwa wamerudisha saa zao nyuma. Aliyechelewa hana wa kumlilia. Mambo hayo huenda hivyo kwa majuma 38, tangu Agosti hadi Mei.

Mchezo wa namna hii haukuzaliwa katika soka. Ulipata umbo lake katika besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Mwishoni mwa mwaka 1979 mwandishi na mhariri mmoja, Daniel Okrent, alitunga kanuni zake, na mwaka 1980 yeye na rafiki zake wakaanza kuucheza mjini New York. Waliuita kwa jina la mkahawa walimokuwa wakila, La Rotisserie Française. Baadaye ikawa desturi kwamba kila mwenye timu ana dola 260 za kununulia wachezaji 23 kwa mnada. Na kwa kuwa katika besiboli kila timu hucheza michezo 162 kwa muda wa miezi sita, karibu kila siku, kiongozi wa timu ya kubuni hakuwa na siku ya kulala. Ilimpasa ajue kila asubuhi nani ameumia, nani amepoteza namba, nani amepanda.

Alijuaje? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwaka 1980 hapakuwa na simu za mkononi za kumletea alama. Watu wale walikata kurasa za magazeti, wakajumlisha kwa kalamu na karatasi. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu magazeti ya Marekani yalikuwa yamechapa jedwali la kila mchezo kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika karne ya 19 mwandishi wa habari aitwaye Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alieneza desturi ya kuandika katika safu ndogo ya gazeti kila alichokifanya kila mchezaji: amepiga mara ngapi, amefika salama mara ngapi, amekosea mara ngapi. Jedwali hilo liliendelea kuchapwa mwaka baada ya mwaka, katika miji mikubwa na midogo. Kwa hiyo mchezo wa kubuni ulikuja mwisho. Kilichotangulia ni daftari.

Tutarudi kwenye daftari hilo. Lakini kabla ya hapo ni haki kusema mema ya mchezo wenyewe, maana si vizuri kulaumu kabla ya kupima.

Anayeongoza timu ya kubuni kwa msimu mzima hujifunza mambo ambayo wengine hujifunza kwa kupoteza mali halisi. Hujifunza kwamba fungu ni moja na matakwa ni mengi. Akinunua washambuliaji watatu wa bei ya juu, mabeki wake watakuwa wa bei rahisi, na hakuna mjomba wa kumwongezea. Hujifunza kutomkimbilia mtu kwa sababu ya sifa za jana. Mchezaji aliyefunga mabao matatu juma lililopita hununuliwa na maelfu juma hili, bei yake ikapanda, naye akanyamaza mwezi mzima. Mwenye busara huuliza maswali mengine: anacheza dakika ngapi, anapata nafasi ngapi, wapinzani wake watano wajao ni akina nani? Hujifunza pia thamani ya benchi. Wengi huweka benchi watu wasiocheza kabisa ili wabane fedha, kisha Desemba, wakati michezo inaposongamana na majeruhi kuongezeka, wanajikuta na wachezaji tisa.

Zaidi ya hayo, mchezo huu humpima mtu kwa kudumu. Kila mwenye uzoefu atakuambia kwamba mwezi wa Agosti kila mtu ni kocha, na ifikapo Novemba nusu ya timu zimeachwa ukiwa. Aliyeanza vibaya anaona aibu, anaacha. Katika namna ile ya mashindano ambayo washiriki hukutanishwa wawili wawili kila juma, kuacha timu si jambo la mtu binafsi. Anayekutana na timu iliyoachwa hupata ushindi wa bure, na aliyekutana nayo mapema, ilipokuwa hai, alipigana kweli. Hivyo mmoja akitoroka, haki ya wote inavurugika. Ndiyo maana wenye mchezo wao huhesabu kuitunza timu iliyo mkiani hadi siku ya mwisho kuwa ni uungwana.

Twaona kwamba fundisho hilo linawafaa pia watumishi wa umma. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai na kwisha Juni. Ni msimu kama mwingine wowote: fungu lenye kikomo, mambo yasiyotazamiwa, na tarehe isiyosogea. Mtumishi ambaye anapanga mwaka mzima kwa joto la Julai, kisha anasahau kufuatilia mpaka Juni ibishe hodi, hana tofauti na kijana aliyeacha timu yake Oktoba. Tofauti ni kwamba kijana amepoteza alama tu.

Baada ya kusema mema, lazima tuseme hatari. Mchezo wa fantasi unakaa jirani na kamari, na mlango baina yao hauna kufuli. Kijana ambaye kwa miezi mingi amejifunza kupima nani atafunga, siku moja huambiwa kwamba ujuzi huo unaweza kumpa fedha. Akaanza kutandika mikeka. Tunapenda ieleweke kwamba hayo ni mambo mawili. Katika fantasi ya bure, hukumu hutolewa baada ya majuma 38, na aliyekosea juma moja ana majuma mengine ya kujirekebisha. Katika kubeti, hukumu hutolewa usiku uleule, na anayeshindwa husukumwa kurudi kesho akarudishe kilichopotea. Moja hufundisha subira, jingine huila.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inakataza walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza kamari. Wazazi na walimu wasidhani kwamba sheria hiyo itajilinda yenyewe. Na kwa vijana tunasema: pale mnapoanza kuchangishana ili mshindi wa mwisho achukue fungu lote, mmeshabadili mchezo. Ugomvi utakaofuata, urafiki utakaovunjika, na ada ya shule itakayoguswa, havitafidiwa na alama zozote. Wapeni washindi wenu heshima, yatosha. Tena simu isiingie darasani, wala isimtoe mtu kitandani usiku wa manane kutafuta habari za goti la mchezaji asiyemjua.

Sasa turudi kwenye daftari.

Mwulize kijana yeyote mshiriki wa mchezo huu habari za klabu ya kumi na tano ya Uingereza. Atakutajia kipa, mabeki, anayepiga penalti, aliyeumia na tarehe atakayorudi. Kisha mwulize nani aliongoza kwa mabao katika ligi ya wilaya yake msimu uliopita, au kipa gani hakufungwa kwa michezo mingi zaidi. Atanyamaza. Wako wazee watakaosema kwamba huo ni ukosefu wa uzalendo, kwamba vijana wameuza mioyo yao ng'ambo. Sisi hatukubali. Kijana hanyamazi kwa sababu hapendi kwao. Ananyamaza kwa sababu hakuna mahali pa kusoma. Jambo ambalo halikuandikwa haliwezi kujulikana, na lisilojulikana haliwezi kupendwa kwa muda mrefu.

Habari za ligi ya juu ya nchi yetu tunazipata. Wafungaji wake wanatajwa na magazeti yanawaandika. Lakini chini ya hapo, kwenye ligi za wilaya, mashindano ya kata, michezo ya Umitashumta na Umisseta, mara nyingi kinachobaki baada ya filimbi ya mwisho ni matokeo tu, na baada ya miezi miwili hata matokeo yenyewe yana masimulizi mawili. Nani alicheza? Alitoka dakika ya ngapi? Nani alitoa pasi? Majibu yamo vichwani mwa waliokuwapo, na vichwa husahau.

Hasara ya jambo hili si ndogo. Kagera Sugar ilishuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/25, na mashabiki wa Kaitaba wana machungu yao mpaka leo. Tunasikia kila mtu akitoa sababu yake. Hatutaki kuongeza yetu, wala kumnyoshea mtu kidole. Tunauliza jambo moja tu: klabu yoyote ya mkoa huu ikitaka kujijenga kwa vijana wa mkoa huu, badala ya kununua kutoka mbali, ianzie wapi kutafuta? Itawapata vipi wachezaji ishirini bora wenye umri wa miaka 17 walioko kati ya Misenyi na Muleba? Leo itawapata kwa kuambiwa na rafiki, au kwa kubahatisha Jumapili moja. Kocha anayeongoza timu ya kubuni ana habari nyingi zaidi kuhusu mchezaji wa akiba wa Uingereza kuliko alizonazo kocha wa kweli wa hapa kuhusu kijana wa tarafa ya jirani.

Kwa ndugu zetu wa visiwani hasara ni maradufu. Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga wana vijana wanaocheza mpira baada ya kuanika dagaa, na wengine wao wana vipaji vya kweli. Lakini kocha wa mjini havuki ziwa kila juma, na kijana wa kisiwani hana nauli wala siku za kukaa Bukoba akisubiri majaribio. Karatasi, hata hivyo, inavuka. Mtumbwi uliobeba samaki unaweza kubeba karatasi tano za michezo mitano, nazo zikamsemea kijana mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Kwa mtu wa mjini kumbukumbu ni jambo la kufaa. Kwa mtu wa kisiwani ndiyo njia yake ya kuonekana.

Na asidhani mtu kwamba kumbukumbu ni kwa ajili ya sifa tu. Jirani zetu wa Uganda walijifunza hilo kwa uchungu, tena katika besiboli hiyohiyo. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Uganda ilishinda mashindano ya kanda na kupata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, katika fainali za dunia za watoto. Ingekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika huko. Haikwenda. Ilinyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika karatasi za umri wa baadhi ya wachezaji. Watoto walikuwa wamefanya kazi yao uwanjani. Kalamu ya watu wazima ndiyo iliyowaangusha. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ilishinda tena, ikiwa na karatasi zilizokubaliwa, ikaenda, na ikashinda mchezo mmoja dhidi ya timu ya jimbo la Oregon. Kipaji kilikuwapo miaka yote miwili. Kilichobadilika ni daftari.

Tunajua watakaotupinga. Watasema kwamba visiwani kuna haja kubwa kuliko kuandika mabao: zahanati, vyombo salama vya usafiri, maji, bei ya samaki. Ni kweli, na hakuna ukurasa wa gazeti hili utakaoweka mpira mbele ya uhai wa abiria ziwani. Lakini hatuombi uwanja wenye nyasi bandia kama wa Kaitaba, wala mitambo, wala posho. Tunaomba daftari moja la shule, kalamu moja, na mtu mmoja mwaminifu kwa kila timu. Fedha zake hazitaipunguzia zahanati hata kidonge. Wengine watasema kwamba kazi hiyo ni ya maafisa peke yao. Maafisa michezo hawawezi kuwa kwenye kila kiwanja, na kila mtu anajua hivyo. Wanaoweza ni wale ambao tayari wako kiwanjani.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu, nasi tunayatoa tukiamini kwamba yanaweza kuanza msimu ujao bila kusubiri bajeti.

Kwa maafisa michezo wa wilaya na viongozi wa vyama vya mpira: tengenezeni karatasi moja ya mchezo, ileile kwa mkoa mzima, yenye mahali pa majina kamili ya waliocheza, dakika walizocheza, mabao na pasi za mabao, kadi, na mipira aliyookoa kipa. Iandikwe nakala tatu: moja ibaki kwa timu, moja iende kwa msimamizi wa mashindano, na moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, watu waisome na waisahihishe mapema kama ina kosa. Tarehe za kuzaliwa za watoto zisibandikwe hadharani. Zihifadhiwe na shule na chama, zikiwa zimelinganishwa na vyeti. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina mamlaka ya kusimamia michezo kote Tanzania Bara. Itakuwa fahari kama Kagera itakuwa na kitu cha kulionyesha.

Kwa wakazi wa visiwani: msingoje kutumiwa mtu. Kila timu imchague mwandishi wake, awe ni mwalimu, mwanafunzi, au binti anayependa mpira. Manahodha wa timu zote mbili watie saini baada ya mchezo, ili kusiwe na maneno baadaye. Wenye vyombo vya uvuvi na usafiri wawasaidie kuzifikisha karatasi hizo Muleba au Bukoba. Huo ni mchango usiomgharimu mtu hata lita moja ya mafuta.

Kwa vijana wa Nshambya na wenzao: ninyi ndio mliofundishwa kazi hii pasipo kujua. Mnajua tofauti ya mchezaji aliyecheza dakika 59 na aliyecheza dakika 60, maana hiyo ni alama 1 nzima. Mnajua kuhesabu, kulinganisha na kubishana kwa hoja. Chukueni ujuzi huo mwupeleke kwenye kiwanja cha karibu yenu. Tena mwaweza kuanzisha fantasi yenu wenyewe ya ligi ya wilaya: fedha za kubuni zilizo sawa kwa wote, wachezaji 15, si zaidi ya 3 kutoka timu moja, alama zikijumlishwa kwa kalamu kila Jumatatu, kama walivyofanya wale wa New York mwaka 1980. Isiwe na kiingilio. Siku kijana wa Kashai au Kerebe atakaposikia kwamba watu ishirini wamemweka kuwa nahodha wa timu zao za kubuni, atafanya mazoezi kwa namna nyingine.

Lakini tunaonya juu ya jambo moja. Daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari. Mwandishi atakayempa mdogo wake bao ambalo hakulifunga, au atakayempunguzia mchezaji umri ili acheze na watoto, ameharibu karatasi zote, hata zile za kweli, kwa kuwa hakuna tena atakayeziamini. Ukweli ukiandikwa unabaki, hata unapouma. Kipa aliyefungwa mabao sita aandikwe mabao sita. Atakapofungwa moja msimu ujao, maendeleo yake yataonekana.

Na sisi hatutaki kuwa kama mpiga ngoma asiyecheza. Gazeti ndilo lililoulea mchezo huu ng'ambo, na gazeti lina wajibu wake hapa. Karatasi za ligi za wilaya zitakazotufikia zikiwa na saini za pande zote mbili, za bara na za visiwani bila upendeleo, tutazitolea nafasi kila juma, hata kama ni safu moja nyembamba yenye herufi ndogo. Tunaelewa kwamba si kila msomaji ataisoma. Wapo watakaoisoma kwa kutafuta jina moja tu, na kwa mama wa kijana huyo safu hiyo itakuwa habari kubwa kuliko zote za siku hiyo.

Msimu wa Uingereza utaanza Agosti na kwisha Mei, tukitaka tusitake, na vijana wetu wataufuata. Hatuna sababu ya kuwazuia. Tunachotaka ni kwamba msimu wetu nao uwe na mwanzo unaoandikwa, katikati inayoandikwa, na mwisho ambao mtu anaweza kuurejea baada ya miaka kumi na kusema: huyu alicheza, alifunga, na alitoka kwetu. Karatasi ya kwanza inahitaji kalamu na mtu wa kuishika. Tunawangoja maafisa waitoe, na tunawangoja wananchi waijaze.